Wiki Hii Mmefundishwa Nini?

Mjomba wangu wa Visiga aliwahi kung'atwa na punda. Mambo mengi makubwa niliyoyaona baadaye yamenitoka, lakini hili limekaa, ingawa nilikuwa mdogo kiasi cha kutembea bila nguo na asinikemee mtu. Punda mwenyewe alikuwa wa mfanyabiashara mmoja aliyepita na mizigo ya chumvi na vitambaa akitokea upande wa Bagamoyo. Mjomba alikuwa mtu wa kujua kila kitu. Akamwambia yule mfanyabiashara kwamba umri wa punda hujulikana kwa meno, akamfunua punda mdomo ili amwonyeshe. Punda akaufunga. Akashika vidole viwili vya mkono wa kulia, akatulia navyo, macho mbele, kama mtu anayekumbuka alikoacha kitu. Watu wakavuta punda, wengine wakavuta mjomba, mpaka akatokea mwanamke mmoja na kata ya maji, akamwaga yote katika sikio la punda. Punda akatikisa kichwa na mjomba akapata vidole vyake.

Vidole vilivimba, homa ikapanda. Habari zikafika kwetu Msimbu, mama akanifunga mgongoni, tukatembea kutwa nzima. Tulipofika tulimkuta mjomba kalala kwenye kitanda cha kamba, na mwalimu wa chuo cha Kurani amekaa kando yake na sahani nyeupe magotini. Alikuwa na kalamu ya mwanzi na wino wa zafarani, anaandika aya ndani ya sahani, polepole, mistari inazunguka kufuata ukingo. Alipomaliza alimimina maji na tone la marashi, maandishi yakayeyuka, maji yakawa ya manjano, mjomba akanywa. Ninyi wa rika langu mnalijua kombe, hamhitaji kuelezwa. Mimi ndiyo kwanza nililiona.

"Bibi, mjomba anakunywa nini?"

"Anakunywa maneno," bibi akasema. "Yakishaingia tumboni hayatoki tena."

Siku ya tatu homa ikashuka. Mjomba akakaa kitako, na neno la kwanza alilosema ni kwamba yule punda ana miaka saba.

Mimi nililamba matone yaliyobaki kwenye sahani. Sasa huyo punda hana la kufanya na ninalotaka kusimulia, nimsingizie bure. Nimemtaja kwa sababu ya neno la bibi, ambalo lilikaa kichwani mwangu miaka kadhaa likanisubiri niwe mwanafunzi.

Juzi kitukuu wangu, anayesoma darasa la kwanza huko Kibaha, alikuja kunisalimu. Akanipa shikamoo kwa mkono uliojaa chaki, nami nikaushika mkono ule nikaunusa kama mzee aliyepungukiwa na akili. Mama yake akanionyesha karatasi. Kumbe siku hizi mwalimu hupeleka karatasi nyumbani kila wiki: wiki hii watoto wanajifunza sauti hizi, namba hizi, kunawa mikono, rangi. Mzazi anaibandika ukutani. Nikacheka peke yangu, maana baba yangu hakungoja karatasi. Alikuwa anaitisha habari hizo mwenyewe, kila Ijumaa baada ya sala, na kila Ijumaa mimi nilikuwa mtu wa kuhukumiwa.

Ilikuwa hivi. Jumbe alipita nyumba kwa nyumba akisema serikali ya Mwingereza imefungua shule ng'ambo ya kijito, na kila nyumba itoe mtoto mmoja. Baba alikuwa na watoto wawili wa kufaa, mimi na mdogo wangu Tatu, tuliyepishana naye mwaka na kitu. Wawili hao ndio waliokuwa dunguni. Kwa aliyesahau, dungu ni ule ulingo wa miti mirefu katikati ya shamba la mpunga, juu umeezekwa makuti, ambako mtoto hukaa toka kunapopambazuka mpaka jua linazama, anapiga kelele na kurusha kwa teo, lile kombeo la kamba, ili ndege wasile. Mpunga ukianza kutia maziwa ndege wanakuja kama wameitwa. Ndege wakiisha, ngedere wanaingia kwenye muhogo. Kwa hiyo baba akaona hapotezi: mmoja aende, mmoja abaki. Mimi mkubwa, tena wa kiume, nikaenda. Tatu akabaki.

Lakini baba alikuwa msomi kwa namna yake. Alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, watu walimletea barua zao, na alikuwa na msimamo juu ya elimu.

"Sikiliza," akaniambia. "Elimu ikiingia kwa mtu huonekana. Kila Ijumaa nitakuuliza mmefundishwa nini. Ukinijibu, unakwenda wiki nyingine. Ijumaa ukikosa jibu, Jumamosi unapanda dungu, na hayo mengine tunayasahau."

Nilitaka shule kwa moyo wote, na nisiwadanganye kwamba ni kwa ajili ya elimu. Palikuwa na kipande cha reli kimetundikwa kwenye mti, ndiyo kengele, na wanafunzi walipokezana kukigonga. Nilitaka kukigonga. Tena palikuwa na Kibwana, mtoto wa jumbe, aliyetangulia kuandikishwa, ambaye kila akipita karibu na shamba letu aliita, "Eee, askari wa chiriku! Leo umekamata wangapi?" Nilitaka afunge mdomo wake.

Shule yenyewe ilikuwa banda la miti na udongo. Tulikaa kwenye mikeka. Mwalimu Rajabu alikuwa kijana wa pwani, mwenye baiskeli na kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na siku ya Ijumaa alivaa kanzu. Alikuwa na ubao mweusi juu ya miguu mitatu, na sisi kila watoto wawili tulikuwa na kibao kimoja cha jiwe na kalamu ya jiwe ambayo ikiteleza vibaya inatoa mlio wa kukupandisha meno. Jumatatu ilikuwa usafi na herufi. Jumanne hesabu. Jumatano bustani. Alhamisi hadithi na kuchora. Ijumaa asubuhi mwalimu aliandika ubaoni yote ya wiki, toka juu mpaka chini, tukayaimba pamoja, kisha ubao unasafishwa, watu wanakwenda kusali.

Ijumaa yangu ya kwanza baba alikaa mkekani mbele ya nyumba, kofia ya kiua kichwani, akanikalisha mbele yake.

"Haya, bwana shule. Wiki hii mmefundishwa nini?"

"Tumefundishwa kukata kucha, baba."

Baba akamtazama mama. Mama akatazama sufuria.

"Kucha."

"Ndiyo, baba. Na kupiga mswaki. Na kuosha nyuma ya masikio."

"Kwani hizo kucha zako hapa nyumbani alikuwa anakata nani?"

"Mama."

"Kumbe nimeoa mwalimu na sikujua. Haya, na kingine?"

Nikaandika a, e, i, o, u mchangani kwa kidole. Baba akainama mpaka kofia ikakaribia kuanguka. "Hizi ndizo zenyewe? Mnaanzia mkono gani?"

"Wa kushoto, baba."

"Zinakwenda kinyumenyume," akasema. Akafuata moja moja kwa ukucha wake. "Lakini zinakwenda. Haya, wiki moja umepata."

Wiki ya pili nilimweleza kwamba tumefundishwa kupanda muhogo. Mama alicheka kabla baba hajasema neno.

"Nimekutoa shambani nikakupeleka kwa mwalimu," baba akasema, "naye mwalimu akakurudisha shambani?"

"Tunapanda kwa mstari, baba. Tunafunga kamba huku na huku, tunafuata kamba."

"Muhogo ukikaa kwenye mstari unazidi utamu?"

"Mwalimu hakusema."

"Muulize." Lakini wiki ile nikapewa, na Jumapili nilimwona kwa macho yangu yuko nyuma ya nyumba na kamba ya usumba, anafunga huku na huku.

Siri yangu katika Ijumaa zile ilikuwa Tatu. Mchana nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula dunguni. Nilikuwa sijafika hata chini ya ngazi, anauliza, "Leo mmeletewa nini?" Alisema hivyo, mmeletewa, kama vile mwalimu anapika. Nilipanda, nikampa ugali wake, na wakati anakula nilimwambia ya siku ile yote, naye alinirudisha nyuma kila nilipopiga mbio. "Ngoja. Ukiweka b mbele ya a inakuwaje? Na mbele ya e?" Hakuwa na kibao. Alikuwa na vidonge vya udongo, vile tunavyofinyanga tukavianika juani ili kurushia teo. Basi Tatu akaandika kwenye vidonge kabla havijakauka, kila kidonge herufi yake, akavipanga ukingoni mwa dungu, akavisoma kwenda na kurudi. Ndege wakitua anachukua kimoja anawarushia. "Nimewapiga kwa m," anasema. Nadhani ndege wa Msimbu mwaka ule walipigwa kwa herufi zote zilizokuwapo.

Kwa kumwambia Tatu ndiyo nami nilikuwa nakumbuka. Sikulijua hilo wakati ule. Nilijiona mwenye akili sana.

Halafu ikaja wiki ya kutoa. Kujumlisha kulinipita vizuri, vitu vinaongezeka, nani hapendi? Lakini kutoa kulinikwama kooni. Mwalimu alipanga korosho saba juu ya meza, akafunika tatu kwa kiganja.

"Korosho saba, toa tatu. Zimebaki ngapi? Wewe."

"Mwalimu, hizo tatu amechukua nani?"

"Hakuna aliyechukua. Zimetoka."

"Zimekwenda wapi?"

"Hazijakwenda popote. Ni hesabu."

"Lakini ziko chini ya mkono wako, mwalimu. Ninaziona."

Darasa likacheka, Kibwana akajilaza kabisa kwenye mkeka kwa kucheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Nyumbani kwetu kitu kikipungua haikuwezekana tu kusema kimepungua. Kulikuwa na maswali, kulikuwa na mtu wa kuitwa. Sasa hapa kila siku vitu vinapungua, na watu wazima wanaridhika. Jumanne nilikosa, Jumatano nikapelekwa bustanini nikapumzika, Alhamisi nikaulizwa tena nikakosa. Tatu alinieleza kule dunguni mara tatu, akanipangia vidonge, akaviangusha chini kimoja kimoja. Nikasema nimeelewa ili tumalize.

Ijumaa asubuhi zamu ya kusafisha ubao ilikuwa yangu. Wote wametoka kwenda kutawadha, nimebaki na kitambaa na kibakuli cha maji, mbele ya ubao ulioandikwa wiki nzima. Kutoa kote kulikuwa pale, safu mbili, na majibu yake, kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe. Na mwalimu alikuwa amevaa kanzu. Ndipo neno la bibi likanijia, na harufu ya zafarani ikanijia nayo, naapa, ingawa lililokuwapo pale ni vumbi la chaki.

Nikaloweka kitambaa, nikafuta safu zote mbili bila kuacha hata mkia wa namba, nikakikamulia ndani ya kibakuli. Maji yakawa meupe kama tui la mwisho. Nikasema bismillahi, nikanywa. Yalikuwa mazito, na yalikwaruza ulimi.

"Unakunywa nini?" Alikuwa Kibwana mlangoni.

"Hesabu."

Alifikiri kidogo. Huyu ndiye aliyekuwa ananicheka, lakini naye hesabu zake hazikuwa imara. "Niachie," akasema. Nikamwachia nusu. Akameza, akafumba macho, akasubiri. "Naona kama zinaanza," akasema.

Mwalimu Rajabu akaingia akatukuta na masharubu meupe, wote wawili. Akauliza, tukamwambia. Sikuwa na sababu ya kuficha, niliona nimefanya jambo la busara. Nilitegemea kiboko au sifa, moja katika hayo. Mwalimu alikaa kwenye kizingiti na kanzu yake nyeupe, akaweka uso ndani ya viganja, mabega yakawa yanatikisika. Alipoinua uso macho yalikuwa na machozi.

"Jumatatu tulisema nini juu ya maji ya kunywa?"

"Yachemshwe, mwalimu."

"Hayo mmeyachemsha?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi nendeni mkasali," akasema, "na mkiumwa na tumbo msiseme ni mimi."

Tumbo liliuma wakati wa hotuba. Niliporudi nyumbani lilikuwa bado linazungumza. Ijumaa mchana shangazi yetu alishika dungu ili Tatu aje nyumbani aoge na kutwanga, kwa hiyo Tatu alikuwa nyuma ya nyumba na kinu, puu, puu, na baba yuko mkekani ananisubiri.

"Wiki hii mmefundishwa nini?"

"Kutoa, baba."

"Hiyo ndiyo elimu. Mama yako ana nazi tisa, amekuna nne. Zimebaki ngapi?"

Nikayasubiri yale maji. Nilisikiliza ndani kabisa ya tumbo, na kilichokuja ni gesi tu. Huko nyuma ya nyumba kinu kikawa kimenyamaza. Kisha kikapiga: puu, puu, puu, puu, puu. Kikanyamaza tena.

"Tano, baba," nikasema.

"Vizuri. Kumi na moja, toa tatu."

Puu, mara nane. "Nane, baba."

"Vizuri sana! Kumi na tano, toa mbili." Hapo kinu kilipiga kwa muda, na baba akawa ananitazama mimi ninavyokunja vidole kufuata mchi. Aliinamisha kichwa upande mmoja. Nilipomjibu hakusema vizuri. Akatabasamu kidogo, akasema kwa sauti ya juu kidogo, ya kusikika mpaka nyuma ya nyumba:

"Sita, toa sita."

Kinu kimya. Nikasubiri. Kuku akapita. Mama akaacha kuchambua mchele. Nikaendelea kusubiri.

"Unasubiri nini, mwanangu?"

"Nasubiri kinu, baba," nikasema, na neno lilipokwisha toka ndipo nikalisikia.

Mama alijiziba mdomo kwa khanga. Baba hakucheka. Akaita, "Tatu! Njoo na mchi wako." Tatu akaja, pumba kwenye nywele mpaka kwenye nyusi, akapiga magoti.

"Sita, toa sita?"

"Hakuna kitu, baba."

"Kwa nini hukupiga?"

"Ningepiga nini, baba, na hakuna kitu?"

Baba akamuuliza nyingine, na nyingine. Akamwambia aandike. Tatu akalaza mchi, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akaandika *baba analima*, mstari umenyooka kama muhogo wa mwalimu. Baba akataka asomewe. Akasomewa. Akataka asomewe tena.

"Nani amekufundisha?"

"Kaka."

"Kaka mwenyewe hajui!"

"Ananiambia tu, baba. Anavyoniambia ndivyo ninavyoshika."

Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu na kuanza kuliona dungu. Baba akasema, kama anayejisemea, kwamba dungu lina mtu mmoja na shule ina mtu mmoja, na kwamba huyu ni mwanamke, watu watasema. Mama, ambaye siku za hukumu hakuwa na kawaida ya kuingilia, akasema, "Jumbe alitaka mtoto. Hakusema mtoto gani. Na hata hao mabinti wawili wa upande wa pili wanakwenda."

Baba akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Ijumaa ijayo nitauliza tena," akasema. "Nitawauliza wote wawili. Atakayenijibu ndiye mwanafunzi wa nyumba hii, na mwingine asinung'unike."

Sasa niseme ukweli wangu, maana ninyi tuliokua pamoja mmebaki wachache, na wa kuwaonea haya nimeshawazika. Wiki ile nilitaka kumdhulumu mdogo wangu. Jumatatu nilipompelekea chakula akauliza, "Leo mmeletewa nini?" nikasema, "Hatukuletewa kitu. Mwalimu alikuwa mgonjwa." Uongo. Jumatatu ile tulifundishwa habari za mbu na madimbwi. Tatu akaniangalia, akasema, "Haya," akala. Jumanne nikasema mwalimu bado mgonjwa. "Apone," Tatu akasema, na akarudi kwenye vidonge vyake vya zamani, akavisoma toka mwanzo, vilevile, mpaka nikaona aibu nikashuka.

Na jambo la ajabu ni hili: shuleni nako hakukuingia kitu. Mwalimu alikuwa ameleta saa aliyoitengeneza kwa mfuniko wa debe, mishale ya mwanzi, namba kwa rangi, kitu kizuri ajabu. Akawa anazungusha mishale, watoto wanaita, na mimi nimekaa kama gunia. Siku zote nilizokuwa nasikiliza, kumbe nilikuwa nasikiliza kama mtu aliyetumwa, ili nikafikishe. Sasa sikuwa na wa kumfikishia, masikio yakafunga. Kwenye dirisha niliona kundi la ndege linageuka juu ya bonde, linawaka upande mmoja, linazimika, linateremka kwetu. Mkono wangu wa kulia ukajikaza wenyewe. Nilijua Tatu atarusha mapema mno. Siku zote alirusha mapema mno.

Alhamisi nilipanda ngazi ya dungu na kabla hajauliza nikasema, "Mwalimu hakuwa mgonjwa."

"Najua," Tatu akasema. "Jana alipita na baiskeli anaimba."

Nikamwambia yote. Mbu, madimbwi, herufi mbilimbili, saa na mishale yake, mkubwa na mdogo. Ili apate nafasi ya kuchora saa kwenye udongo alishuka chini, akakaa kwenye kivuli cha dungu, mimi nikabaki juu na teo. Kila nikikosea ananiuliza swali linalonirudisha kwenye kweli. Alitazama kivuli cha nguzo, akatazama saa yake, akasogeza mshale, akasema, "Basi sasa ni saa nane na nusu." Ndege walikuwa wanakuja. Nikawaacha wakaribie, wakaribie, mpaka nikasikia mbawa, nikaachia. Kundi lote likapasuka likarudi lilikotoka. Lo! Raha ile sijaipata kwenye kipande cha reli.

"Kwa nini unaniambia?" Tatu akauliza toka chini. "Kesho baba anauliza."

"Sijui."

"Nikikushinda usije ukalia."

"Nani alie? Wewe unalia ukiona jongoo."

"Jongoo ni mnyama," akasema, na akaendelea na saa yake.

Ijumaa tukakaa mkekani, mimi kulia kwa baba, Tatu nyuma yangu kidogo, mama kwenye kigoda. Baba alikuwa ametoka kusali na hakutazama mtu. Alitazama mkeka.

"Wiki hii mmefundishwa nini?"

Hakutaja jina. Na hapa lazima niwakumbushe mila yetu, kama huko mliko imekwisha: mdogo hatangulii kusema mbele ya mkubwa wake. Kama nimekaa pale, hata niwe sijui kitu, Tatu atangoja mimi nianze. Na nikianza, mambo mawili matatu yaliyokuwa yamenata kichwani nitayasema mimi, mbu nitamsema mimi, na baba ni baba, alikuwa anatafuta sababu ndogo tu ya kuniachia. Nililiona hilo usoni pake. Nikageuka nikamwona Tatu. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, amefumba macho, na mikono ameikunja magotini kama mtu anayezuia kitu kisiruke.

Nikainuka. Nikachukua teo kwenye paa la ukumbi.

"Wewe, unakwenda wapi?" baba akasema.

"Dunguni, baba. Shangazi hajui kurusha."

Nikapita kati ya nyumba na kinu, nikashika njia ya bondeni. Sikukimbia. Nilipofika kwenye mihogo nilisikia sauti ya Tatu imeanza nyuma yangu, nyembamba, lakini inatembea: "Jumatatu tulifundishwa habari za mbu..." Nikaongeza mwendo ili nisisikie mwisho, na darasani sikurudi tena.